Si Kila Achokaye ni Mvivu

Namna ya kuijenga misuli istahimili kazi, na namna ya kuipima nyumbani

Msimu wa kulima ukifika, maneno ya nyumbani hubadilika. Mume hulalamika kwamba mkewe huketi kivulini mara kwa mara. Baba humwambia kijana wake, "Wenzako wamemaliza ngwe tatu, wewe ungali katika ya kwanza!" Bibi mzee huambiwa asijisumbue kuinuka, aletewe kila kitu pale alipo. Na neno moja hurudiwa katika nyumba nyingi: uvivu.

Neno hilo ni zito, na mara nyingi hutamkwa bila kupima. Mtu achokaye upesi yaweza kuwa na sababu moja kati ya tatu. Pengine hataki kazi. Huyo ndiye mvivu wa kweli. Pengine anataka kazi, lakini misuli yake haijazoea. Huyo ahitaji mazoezi. Au pengine anataka kazi, na misuli yake ilikuwa imezoea, lakini mwilini mna ugonjwa unaomla kwa siri. Huyo ahitaji dawa. Basi ukimpa mgonjwa maneno makali mahali pa dawa, umemwumiza mara mbili.

Tutawatofautishaje watu hao? Njia nzuri ni kuujua mwili kwa hesabu. Kwa kiti kimoja, ukuta na saa, kila nyumba yaweza kuijenga misuli ya watu wake na kuipima, bila kulipa hata senti moja.

NGUVU NI ZA NAMNA MBILI

Kuna mtu awezaye kuinua gunia la mahindi na kulipakia juu ya baiskeli kwa pigo moja. Lakini mpe jembe, na baada ya nusu saa mikono yake yatetemeka. Tena kuna mama mwembamba asiyeweza hata kulisogeza gunia lile, naye hulima tangu alfajiri hadi jua la utosi, kisha hurudi nyumbani na mzigo wa kuni. Nani mwenye nguvu? Wote wawili, lakini nguvu zao si za namna moja.

Ya kwanza ni nguvu ya mara moja. Ya pili ndiyo ustahimilivu wa misuli, yaani uwezo wa msuli kurudia kazi ile ile mara nyingi, au kuushikilia mzigo kwa muda mrefu, bila kulegea. Kazi nyingi za kijijini zataka hiyo ya pili: kulima, kutwanga, kuchota maji, kufyatua matofali, kumbeba mtoto mgongoni.

Ukitaka kuiona tofauti hiyo kwa macho, mtazame kuku akiisha kupikwa. Nyama ya paja ni nyeusi kidogo, ya kidari ni nyeupe. Kwa nini? Kuku hutembea na kuparura mchana kutwa, lakini huruka mara chache, tena kwa kishindo kifupi. Sasa mtazame njiwa, arukaye mbali: kidari chake ni chekundu. Nyama ifanyayo kazi ya kudumu ina nyuzi nyingi nyekundu. Nyuzi hizo zina akiba ya oksijeni, na zina mitokondria nyingi, yaani vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni kutoa nguvu. Nyuzi nyeupe hukaza upesi na kwa nguvu, lakini huchoka upesi vile vile. Sisi binadamu tuna nyuzi za namna zote katika misuli yetu, zimechanganyika.

Habari njema ni kwamba vyumba hivyo vyaweza kuongezwa. Mwaka 1967 mtaalamu mmoja wa Marekani, John Holloszy, wa mji wa St. Louis, alitangaza kazi yake juu ya panya. Aliwakimbiza panya kwa wiki 12, akiongeza muda kidogo kidogo. Alipoichunguza misuli yao aliona kwamba uwezo wa mitokondria kutumia oksijeni umekuwa karibu maradufu ya ule wa panya waliokaa bure. Kwa wanadamu pia mazoezi ya namna hiyo huongeza mitokondria, na huongeza vijishipa vya damu vinavyoizunguka misuli. Kwa hiyo ustahimilivu si moyo wa kujikaza tu. Ni jengo linalojengwa ndani ya nyama, na jengo lolote lataka muda.

DAKTARI NA ASKARI WAGONJWA

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wengi wa Marekani walirudi kwao wakiwa wamevunjika mapaja na kuumia magoti. Walilala vitandani muda mrefu, na miguu yao ikakonda. Katika hospitali ya jeshi ya Gardiner, mjini Chicago, alikuwako daktari kijana aitwaye Thomas DeLorme. Yeye mwenyewe alipokuwa mvulana aliugua homa ya baridi yabisi, akalazwa kitandani kwa miezi. Alipopata nafuu alijirudishia mwili wake kwa kuinua vyuma.

Siku zile wagonjwa wa namna hiyo walipewa kazi nyepesi ya kurudia mara nyingi sana. DeLorme aliona kwamba kazi hiyo peke yake haimrudishii mtu nguvu za kusimama na kupanda ngazi. Akawapa askari mizigo mizito, waiinue mara chache, na kila wiki akaongeza uzito. Miguu ikanenepa, magoti yakashika. Mwaka 1945 alitangaza kanuni yake: mzigo mzito unaoinuliwa mara chache hujenga nguvu, mzigo mwepesi unaoinuliwa mara nyingi hujenga ustahimilivu.

Wataalamu waliofuata waliona kwamba mambo hayo mawili hayakutengana kabisa. Tuchukue mfano wa debe la lita 20 lililojaa maji. Uzito wake ni kama kilo 20. Kwa mtu ambaye mwisho wa nguvu zake ni kilo 30, debe hilo ni thuluthi mbili za uwezo wake, naye atachoka upesi. Kwa mtu ambaye mwisho wake ni kilo 60, debe lile lile ni thuluthi moja tu. Kwa hiyo anayeongeza nguvu hupata na ustahimilivu kidogo. Hata hivyo kanuni yasimama: ukitaka msuli udumu kazini, uzoeze kudumu.

NAMNA YA KUIJENGA

Neno la kwanza: anza chini. Chagua zoezi unaloweza kulirudia mara 15 hivi kabla ya kuchoka sana. Ukishindwa kufika hata 8, ni zito mno kwako. Tafuta lililo jepesi. Ukifika 30 bila kuhema, ongeza ugumu.

Neno la pili: ongeza kidogo kidogo. Wiki hii mara 15, wiki ijayo 17, na kadhalika. Haba na haba hujaza kibaba, wala kibaba hakijazwi kwa siku moja.

Neno la tatu: pumzika. Msuli haujengwi saa ya kazi; hujengwa baada ya kazi, mtu akila na kulala. Siku tatu kwa wiki zatosha kwa anayeanza, na kati yake iwepo siku ya kupumzika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri kila mtu mzima aifanyishe misuli yake mikubwa mazoezi ya kuitia nguvu walau siku mbili kila wiki. Kwa wazee wa miaka 65 na zaidi lashauri pia mazoezi ya nguvu na ya kujizuia wasianguke, siku tatu au zaidi kila wiki.

Haya ni mazoezi manne ambayo karibu kila mtu mwenye afya aweza kuyafanya.

1. Kuinuka kitini. Keti juu ya kiti imara, inuka wima bila kujisukuma kwa mikono, keti tena pole pole. Zoezi hili ni la mapaja na makalio, misuli ituinuayo kila siku.

2. Pushapu. Asiyezoea aanze ukutani: asimame hatua moja kutoka ukutani, aweke viganja ukutani, akunje viwiko hadi kifua kikaribie ukuta, kisha ajisukume. Akizoea ahamie kwenye benchi zito lisiloteleza, mwisho ashuke chini kabisa. Hapa mikono, mabega na kifua hufanya kazi pamoja.

3. Ubao. Lala kifudifudi juu ya mkeka, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyoke kama ubao, kiuno kisibonyee wala kisipande. Shikilia sekunde 10, pumzika, rudia mara tatu. Zoezi hili ni la tumbo na mgongo.

4. Kuinua visigino. Simama karibu na ukuta ukiugusa kidogo, inua visigino usimame kwa vidole, shuka pole pole. Hili ni zoezi la miguu ya anayepanda milima na anayebeba mizigo.

Usizuie pumzi wakati wa zoezi. Toa pumzi unapojiinua au kujisukuma, vuta pumzi unaposhuka.

Wakati mzuri wa kuanza ni wiki nne au sita kabla ya mvua za kwanza. Wengi hupumzika wakati wa kiangazi, kisha siku ya kwanza ya kulima hujitupa shambani kwa kazi ya siku tatu. Kesho yake mapaja na mgongo huwauma, na keshokutwa huzidi. Maumivu hayo hutokana hasa na michubuko midogo ndani ya nyuzi zisizozoea; mwili huitengeneza wenyewe kwa siku chache, na mara ya pili maumivu hupungua. Lakini msuli ukivimba sana na mkojo ukawa mweusi kama chai isiyo na maziwa, nenda hospitali upesi, kwa maana misuli iliyoharibika sana yaweza kudhuru mafigo.

USTADI WA AKINA MAMA

Kuna jambo jingine lisaidialo ustahimilivu, nalo ni namna ya kuifanya kazi. Mwaka 1986 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature habari za akina mama wa Kenya, Waluo wabebao mizigo kichwani na Wakikuyu wabebao mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Walipima oksijeni waliyoitumia walipokuwa wakitembea, kwanza mikono mitupu, halafu na mizigo. Wakashangaa. Mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni. Yaani mama wa kilo 60 aliweza kubeba kilo 12 kana kwamba hakubeba kitu. Mzigo ulipozidi hapo, ndipo gharama ilipoanza kupanda.

Ustadi huo ulitokana na miaka mingi ya kubeba tangu utotoni, hata mwendo wao ukabadilika usipoteze nguvu. Nasi twajifunza mambo mawili. Kwanza, aliyezoea kazi huonekana hachoki kwa sababu hapotezi nguvu bure. Mgeni wa kazi asichekwe akichoka mapema. Pili, hata ustadi una mpaka. Mama wa kilo 60 akitwikwa debe zima amepita mpaka huo, wala asiambiwe kwamba kubeba si kazi.

NAMNA YA KUJIPIMA

Sasa tuje kwenye vipimo. Chukua daftari, andika jina la kila mtu wa nyumba anayeweza kupimwa, na tarehe. Pimaneni mara moja kwa mwezi, mathalani Jumapili ya kwanza, saa ile ile, kabla ya kula sana. Asipimwe mtu mwenye homa, wala aliyefanya kazi ngumu siku hiyo.

Kipimo cha kwanza ni cha kiti. Twaa kiti kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hivi, kiegemee ukuta kisiteleze. Kigoda cha jikoni hakifai, ni kifupi mno. Mpimwaji aketi katikati, miguu yakanyage sakafu, mikono ipishane kifuani. Mwenye saa au simu aseme, "Haya!" Basi mpimwaji ainuke wima kabisa na kuketi, tena na tena, kwa sekunde 30. Hesabu mara alizosimama. Sekunde zikiisha naye amepita nusu ya kuinuka, mhesabie hiyo pia. Akijisukuma kwa mikono, hesabu yake ni sifuri. Mzee apimwapo, mtu asimame karibu naye asije akaanguka.

Kwa wazee, wataalamu wa Marekani wameweka hesabu ambazo mtu akiwa chini yake huhesabiwa kuwa chini ya wastani, tena yumo hatarini kuanguka:

Miaka 60 hadi 64: mwanamume chini ya 14, mwanamke chini ya 12.
Miaka 65 hadi 69: mwanamume chini ya 12, mwanamke chini ya 11.
Miaka 70 hadi 74: mwanamume chini ya 12, mwanamke chini ya 10.
Miaka 75 hadi 79: mwanamume chini ya 11, mwanamke chini ya 10.
Miaka 80 hadi 84: mwanamume chini ya 10, mwanamke chini ya 9.

Hesabu hizi zilitokana na wazee wa Marekani, kwa hiyo zichukue kama mwongozo tu, si kama hukumu.

Kipimo cha pili ni cha pushapu. Chagua namna moja, ya ukutani, ya benchi au ya chini, na usiibadili unapolinganisha mwezi na mwezi. Hesabu ulizofanya vizuri bila kupumzika. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya wazima moto 1,104 wa jimbo la Indiana, Marekani, wote wanaume, waliofuatwa kwa miaka 10. Waliofanya pushapu zaidi ya 40 walipata maradhi ya moyo na mishipa mara chache sana kuliko walioshindwa kufika 11. Hiyo haina maana kwamba pushapu ni dawa ya moyo. Maana yake ni kwamba hesabu ya misuli yaweza kutuambia habari za mwili mzima, kama vile moshi utuambiavyo habari za jikoni.

Kipimo cha tatu ni cha ubao. Jiinue kwa viwiko kama tulivyoeleza, na uhesabiwe sekunde hadi kiuno kianze kushuka. Wenye jembe wasikidharau kipimo hiki. Huko Denmark, mwaka 1984, daktari Biering-Sørensen alitangaza kipimo chake cha mgongo: mtu alilazwa kifudifudi juu ya meza, miguu imefungwa, kifua kikiwa nje ya meza, akaambiwa ajishikilie akiwa amenyoka kama ubao, kwa muda usiozidi sekunde 240. Wanaume ambao migongo yao ilichoka mapema ndio waliopatwa zaidi na maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza katika mwaka uliofuata. Sisi nyumbani yatutosha ubao wa viwiko.

Neno moja lazima lishikwe katika vipimo vyote: jilinganishe na nafsi yako, si na jirani. Kijana aliyefanya 12 mwezi huu na 16 mwezi ujao amesonga mbele, hata kama ndugu yake hufanya 40. Baba asitumie daftari kumwaibisha mtoto.

WAZEE WASIKATE TAMAA

Wengi hudhani kwamba misuli ya mzee ikiisha kulegea, basi, kazi imekwisha. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitangaza habari ya wazee dhaifu 10 wa nyumba ya kutunzia wazee mjini Boston, Marekani. Umri wao ulikuwa tangu miaka 86 hadi 96. Waliwafanyisha kazi ya kuinua uzito kwa miguu, siku tatu kila wiki, kwa wiki nane, chini ya uangalizi wa wataalamu. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka, kwa wastani, kwa asilimia 174, yaani zilikaribia kuwa mara tatu ya zile za mwanzo. Wawili wakaacha kutumia bakora.

Basi tuangalie namna tunavyowaheshimu wazee wetu. Kumletea babu maji alipoketi ni adabu njema. Lakini tukimzuia asiinuke siku nzima, kila siku, mapaja yake yatalegea, na siku moja atataka kwenda msalani usiku asiweze kuinuka, au ataanguka na kuvunjika nyonga. Mjukuu amwambie, "Babu, shikamoo. Tuinuke pamoja mara tano kabla ya uji." Wakianza na tano, baada ya mwezi huenda wakafika 10. Heshima hiyo ni kubwa kuliko ya kumletea kila kitu.

HESABU IKISHUKA

Hapa ndipo daftari laonyesha faida yake kubwa. Mtu afanyaye mazoezi na kula, hesabu yake hupanda au husimama. Aliyeacha mazoezi hushuka pole pole, na akianza tena hupanda. Lakini mtu asiyeacha kazi wala mazoezi, hesabu yake ikashuka, tuseme kutoka 18 hadi 11 kwa mwezi mmoja, huyo asiitwe mvivu. Apelekwe zahanati akapimwe.

Sababu iliyo ya kawaida ni upungufu wa damu. Damu ndiyo ichukuzi wa oksijeni. Ikipungua wekundu wake, msuli hukosa oksijeni, na mtu huhema kwa kazi ndogo. Wekundu huo hupunguzwa na malaria, na kichocho, na mimba zinazofuatana karibu karibu, na hedhi nyingi, na chakula kisicho na madini ya chuma. Tena kuna minyoo ya safura. Minyoo hiyo huingia kwa kupenya ngozi ya miguu ikanyagayo peku udongo wenye unyevu uliochafuliwa na choo cha watu. Humo tumboni hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu, siku kwa siku, bila kelele.

Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya wakulima maskini walidharauliwa kuwa wavivu wa kuzaliwa. Mwaka 1902 mtaalamu Charles Wardell Stiles alipoeleza kwamba wengi wao wana safura, magazeti yaliipa minyoo hiyo jina la mzaha, kijidudu cha uvivu. Lakini tajiri John D. Rockefeller hakuona mzaha. Mwaka 1909 alitoa dola milioni moja kwa kazi ya kuipiga vita minyoo hiyo, kwa kuwapima watu, kuwapa dawa na kuwafundisha kujenga vyoo. Wengi walioitwa wavivu walikuwa wagonjwa tu.

Na huku kwetu? Mwaka 1993 ilitangazwa habari ya wavulana wa shule ya msingi nchini Kenya waliokuwa na minyoo ya safura na minyoo mingine. Walipimwa kwa kupanda na kushuka juu ya kibao, kisha mapigo ya moyo yakahesabiwa. Wengine walipewa dawa ya albendazole mara moja tu, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miezi minne, waliopewa dawa walikuwa na mwili wa kustahimili kazi zaidi, walikuwa wamekua zaidi, na hata hamu yao ya chakula ilikuwa imeongezeka. Watoto hao hawakuhitaji fimbo. Walihitaji dawa.

Kwa hiyo kila nyumba iwe na choo kizuri na viatu au ndala za shamba. Sufuriani mwetu muwe na maharage, dagaa, mchicha na matembele, na maini au nyama inapopatikana. Chungwa, ndimu au embe pamoja na chakula husaidia mwili kulipokea chuma la mboga na maharage. Chai pamoja na chakula hulizuia, basi chai na ingoje saa moja. Mama mjamzito asikose kliniki, wala asiache vidonge vya madini ya chuma apewavyo huko.

Tena kuna dalili zisizongojea daftari. Mtu akishikwa na maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa zoezi, aache mara moja akamwone mganga wa hospitali. Mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea ghafula, au mdomo ukienda upande, apelekwe hospitali saa ile ile. Kikohozi cha wiki mbili pamoja na kukonda ni cha kupimwa kifua kikuu. Mwenye presha kubwa, mwenye ngiri, aliyepasuliwa karibuni, na mama mjamzito, wote na waulize kwanza zahanati kabla ya kuanza mazoezi haya.

Jumapili hii basi tafuteni daftari, kiti na saa. Waanze watoto wakubwa, wafuate baba na mama, kisha bibi na babu kwa kadiri ya uwezo wao. Andikeni hesabu bila kumcheka mtu. Na neno uvivu liwekwe kando mpaka hesabu ya mwezi ujao ionekane.